Mzigo wa Frasila Moja

Kigitaa changu cha nyuzi nne kilifika Puge kikiwa na uzi mmoja na nusu. Ndugu yangu aliye ughaibuni alikituma kimeviringishiwa kitenge, na huko njiani nyuzi mbili zikakatika, wa tatu ukafumuka waya wake ukabaki kama mkia wa panya aliyeponea mtegoni. Jina lake kamili ni ukulele baritoni. Watoto wa hapa wanakiita gitaa dogo na sijaona sababu ya kuwasahihisha, maana kinatyuniwa sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa: re, sol, si, mi.

Puge tuko karibu katikati ya barabara ya Nzega na Tabora. Siku ya mnada utapata kamba ya katani, mshipi wa kuvulia samaki, waya wa breki ya baiskeli na uzi wa kushonea viatu. Uzi wa ukulele hutaupata hata ukilala hapo. Nikapanda basi hadi Tabora mjini, nikarudi na seti ya nyuzi za chuma, kwa kuwa zilimeta na muuzaji aliniapia kwamba gitaa ni gitaa. Nikafunga nne, nikakaza, nikapiga, nikajisifu. Usiku nikasikia mlio kama wa kuni mbichi motoni. Kulipokucha daraja lilikuwa limebanduka upande mmoja, limetoka na ngozi ya mbao.

Seremala alilirudisha kwa gundi na vibano, akaniambia nisiliguse siku tatu. Katika siku hizo ndipo nilipopiga hesabu niliyopaswa kuipiga kabla ya kulipa nauli.

Sauti ya uzi inategemea urefu, uzito na mkazo. Mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliyaandika hayo mwaka 1636: uzi mrefu hushusha sauti, mzito huishusha, na ukikazwa huipandisha. Gitaa la kawaida la nailoni lina sentimita 65 hivi kutoka kichwani mwa shingo hadi darajani. Langu lina 50. Ukichukua uzi uleule kwa sauti ileile, mkazo unabaki kama sehemu tatu kati ya tano. Lakini hata baada ya punguzo hilo, nyuzi nne za chuma zinavuta karibu kilo 30. Nne za nailoni zinavuta kilo kama 15.

Hesabu ilipofika hapo nikacheka peke yangu. Frasila moja ni kilo 16 hivi, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka huku kwenda Bagamoyo katika karne ya 19 alibeba kama frasila mbili. Kumbe nilikuwa nimekitwisha kile kijigitaa, chenye ubao wa mbele usiozidi unene wa milimita chache, mzigo mzima wa mtu mzima! Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa kuudhika jinsi wapagazi walivyogombania mizigo asubuhi ya safari, kila mmoja akiuinua na kuutikisa kabla ya kuukubali. Walioudhika hawakuwa wabebaji. Mpagazi alikuwa anafanya kile nilichoshindwa kufanya dukani: kuliuliza bega kwanza.

Basi ikawa nailoni, nayo ina kisa chake. Zamani nyuzi za namna hii zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama, wa kondoo hasa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, utumbo ukahitajika hospitalini kushonea majeraha, wapiga gitaa wakabaki mikono mitupu, na fundi mmoja wa New York, Albert Augustine, akaanza kutengeneza nyuzi za gitaa kwa nailoni. Ukulele wenyewe ulizaliwa Hawaii kutokana na vigitaa vya Wareno wa Madeira waliofika Honolulu mwaka 1879. Huu mkubwa, wa baritoni, ulitokea Marekani miaka ya 1940 vita vilipokwisha. Siku hizi kuna pia florokaboni, nyuzi za jamii ya mshipi wa wavuvi. Ni nzito kuliko nailoni, kwa hiyo kwa sauti na mkazo uleule uzi wake huwa mwembamba kwa karibu moja ya tano, na mlio wake ni mkavu, wa kung'aa. Wengi wanausifu. Mimi naona unafaa kwa mtu mwenye haraka. Nailoni inachelewa kidogo kusema, na nyumba yangu ni ya bati, kelele za kung'aa ninazo za kutosha kila masika.

Kabla sijarudi Tabora nilimpelekea jirani yangu zile nyuzi za chuma. Ni babu wa watu, mpiga zeze. "Mwangaluka, babu." "Mwangaluka, mjukuu wangu, leta nione." Akazipima kwa kidole gumba, akanirudishia. "Hizi za Western Jazz. Zinataka umeme." Bendi hiyo aliipenda tangu ujana wake, na hasahau kukukumbusha kwamba Iddi Nhende aliyeianzisha Dar es Salaam mwaka 1959 alikuwa mtu wa kwetu Nzega.

Zeze lake ni bapa la mti lenye vinundu vya kukandamizia uzi, na chini yake kibuyu kilichokatwa mdomo. Mdomo huo huuweka kifuani, akiubana na kuuachia, sauti ikafunga na kufunguka kama mtu anayesema akiwa amejifunika shuka. Nyuzi zake anazichagua kwa namna ambayo sijaona dukani kokote. Hununua waya wa breki ya baiskeli. Ule ambao umesukwa kwa nyuzi 19 una vijiwaya vya milimita 0.3 hivi kila kimoja, unene wa uzi wa kwanza wa gitaa la chuma. Huufumua kwa koleo, akavitandaza juu ya ngozi ya mbuzi, kisha akavipitisha kimoja kimoja katikati ya kucha mbili, polepole, kichwa kainamisha. Kucha ikikwama, kijiwaya hicho kinaenda kufungia uzio. Kinachopita anakiuma ncha kwa meno ya pembeni, anakivuta kwa mkono wa kushoto na kukidonoa kwa wa kulia. Wewe uliyekaa naye husikii kitu. Yeye anasikia kwa taya. Siku ile, kati ya 19 alibakiza vitatu, akavipaka nta ya nyuki ili visishike kutu upesi.

Nilirudi mjini, safari hii nikatafuta seti ya gitaa la nailoni, tena ile ya mkazo mkubwa, kwa kuwa urefu wa kwangu utaulegeza hata hivyo. Tatu za kwanza ni nailoni tupu. Wa nne ndio wenye siri. Ukitaka sauti ya chini kwa nailoni tupu lazima uwe mnene, na uzi mnene huwa mgumu, unalia kama boksi. Kwa hiyo mafundi huchukua nyuzinyuzi laini nyingi, wakazizungushia waya mwembamba wa shaba uliopakwa fedha. Uzito unaongezeka, ulaini unabaki.

Babu aliushika uzi huo muda mrefu kuliko yote. Akaufumua ncha kidogo kwa ukucha, akatazama ndani, akasema kazi hii anaijua, isipokuwa wazee wa zamani waliifanya kwa singa za mkia. Na ni kweli. Miongoni mwa bidhaa zilizopandishwa na misafara kutoka pwani, pamoja na shanga na nguo za merikani, zilikuwamo koili za waya wa shaba, masango. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857 nao walikuwa na waya kwenye mizigo yao. Wahunzi wa huku waliuvuta mpaka ukawa mwembamba, wakauzungusha kwenye singa, wakapata vikuku laini vya kuvaa tele mguuni. Udodi, kwa Kiswahili cha zamani.

Seti ya gitaa ina nyuzi sita. Nilifunga zangu nne, zikanichukua siku nne za kutyuni asubuhi na jioni kabla nailoni haijakubali kutulia. Daraja halikusema neno. Zilizobaki, mbili nene kabisa, nikampa babu. Mmoja aliujaribu kwenye zeze. Ulinguruma mara moja, kibuyu kikanyamaza. Akaufungua bila kusikitika na kurudisha waya wa breki. Wa pili hakuujaribu. Aliukunja mara tatu, akaunyoosha, akamwita mjukuu wake mdogo aliyekuwa anaanua nguo, akampima mkono.