Fundi Ajuaye Kuacha

Mnunuzi wa mashua kisiwani Mfangano hatazami rangi, na ikiwa mpya mno ndiyo kwanza humtia shaka. Huipita omo iliyoandikwa jina la Biblia kwa herufi za madoido, huinama karibu na mkuku, hutoa kisu na kukwangua. Akikuta ubao mkavu wenye nyuzi zake, mazungumzo ya bei yanaendelea. Kisu kikizama kama kwenye ndizi mbivu, hukifunga na kuanza kuulizia habari za omena.

Shaka hiyohiyo ya rangi mpya huwagombanisha watu walio mbali kabisa na Ziwa Viktoria, wale wanaokusanya bunduki kuukuu za marisaa. Mtutu ukitiwa weusi mpya na kitako kikang'arishwa, thamani hupanda au hushuka? Wengi husema kwamba kwa mkusanyaji hushuka, na kwa mpigaji hutegemea. Sawa, lakini hutegemea nini? Kwa maoni yangu, hutegemea fundi, naye ni nadra kutajwa.

Mtazame fundi wa mashua pale Sena, hukohuko Mfangano. Chombo kimepinduliwa mchangani. Kabla ya kushika msumeno anakizunguka na nyundo, anagonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Uozo hupenda kuanzia penye msumari, kwenye lile doa la kutu ambalo rangi hulificha kwa msimu mmoja tu. Anang'oa ubao uliokufa. Wa jirani yake umepauka na mwenye mashua anataka uondolewe pia, lakini fundi anaupiga kwa kiganja: "Omera, huu bado una kazi." Si kwamba anamhurumia mfuko, ingawa mvule umeadimika na bei yake inajulikana. Ubao uliokwisha kuzoeana na mataruma yake hautamsumbua kwa kujikunja, ilhali mpya lazima ufundishwe upya.

Kisha inakuja pamba. Anaichokoa ya zamani kwa ncha ya chuma, anasokota mpya vidoleni, anaishindilia mwanyani kwa patasi butu na nyundo nyepesi. Anayejifunza hushindilia kwa nguvu zake zote, akidhani anaziba. Mbao zikilowa hufura, na mwanya uliojazwa kupita kiasi huzisukuma hadi misumari inalegea. Fundi mzoefu huyaachia maji yamalizie kazi. Ndiyo maana mashua aliyoishughulikia huvuja kidogo siku ya kwanza, mvuvi mgeni akalalamika, na baada ya hapo ikakaza. Huko Lamu kazi hii ni kalafati, pamba hulowekwa mafuta na chini ya chombo hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Vifaa hutofautiana, mkono ni uleule.

Fundi wa bunduki aliye mwaminifu naye hufanya kazi kwa kungoja. Mtutu mzee hutiwa weusi kwa kutu yake mwenyewe. Husafishwa mpaka pasibaki alama ya mafuta, hupakwa dawa, huachwa penye unyevu ushike kutu nyembamba, huchemshwa kwenye maji safi hadi kutu igeuke nyeusi, husuguliwa kwa nyuzi laini za chuma. Halafu anaanza tena, siku baada ya siku, mpaka weusi ukolee. Njia ya mkato ipo, birika la chumvi kali za moto, na kwa bunduki nyingine haina ubaya. Lakini mitutu miwili iliyounganishwa kwa lehemu ya risasi haifai kuingia humo, kwa sababu chumvi huila lehemu. Kibaya zaidi ni gurudumu la kung'arishia. Hulainisha kingo, hufifisha nakshi, hula alama za ukaguzi zilizogongwa Birmingham, ambako nyumba ya kupimia mitutu ilianzishwa mwaka 1813. Alama hizo zikishafutika, hakuna wa kuitolea bunduki ushahidi.

Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, mojawapo ya bunduki zake ilikuwa ya marisaa, aliyotengenezewa na Ansley Fox wa Philadelphia. Mwezi Desemba alivuka ziwa kutoka Kisumu kwenda Entebbe, njia inayotoka ghubani na kuviacha visiwa vya Rusinga na Mfangano upande wa kushoto. Mwaka 2010 bunduki ile iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 862,500. Bei hiyo haikuwa ya chuma na mbao. Ilikuwa ya safari, na gurudumu lingeweza kuifuta safari hiyo kwa alasiri moja.

Mfangano nako kuna kitu kisichotaka mkono. Kwenye pango la Mawanga kuna michoro ya duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na Watwa walioishi hapa kabla ya Wasuba. Atakayeona imepauka akaipaka upya atakuwa amechora yake. Pale fundi wa rangi hana kazi, isipokuwa labda ya kuwazuia wageni wasiandike majina yao ukutani.

Bunduki imekaa kati ya mchoro na mashua, ndiyo maana ugomvi wake hauishi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na nyingi za zamani zenye leseni zimelala kabatini kwa wajukuu, zikiwa na vitako vilivyopasuka na mitutu iliyokwanguliwa ndani hata ikakonda. Ufa usiposhikwa, bunduki haitumiki. Mtutu uliokonda ni hatari kwa anayeufyatua, hata ung'ae vipi. Kuyatengeneza hayo si kuharibu historia. Kama unayo moja ya mitutu miwili, basi, muulize fundi atatumia njia gani. Akikuonyesha birika la chumvi, irudishe kwenye ala uende nayo nyumbani. Akianza kwa kupima unene wa mtutu, kisha akakuomba uiache majuma kadhaa, mwachie, wala usimharakishe kwa simu.