Namna ya Kutambua Mchoro Bora wa Mvua

Mkulima wa mahindi wa Lusahunga, wilayani Biharamulo, anataka kujua jambo moja: je, makadirio ya mvua yatokayo kwenye setilaiti yanaaminika shambani kwake? Jibu linapatikana kwenye mchoro unaoyalinganisha na kipima mvua cha ardhini. Ubora wa mchoro huo upimwe hivi.

Rejea. Uliza kwanza kipima mvua kiko wapi. Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, hupata mvua nyingi kuliko Biharamulo na Ngara. Mchoro unaoihukumu Lusahunga kwa mvua ya Bukoba umekosea tangu mwanzo.

Vipimo. Kimoja hakitoshi. Uwiano hueleza tu kama namba zinapanda na kushuka pamoja. Tuseme kwa miezi mitatu kipima mvua kimesoma milimita 100, 20 na 60, setilaiti ikatoa 50, 10 na 30. Uwiano ni 1 kamili, ilhali nusu ya mvua imepotea! Kipimo cha ukubwa wa kosa ndicho kitakachoifichua kasoro hiyo.

Msimu. Vuli, masika na kiangazi hurudi kila mwaka, kwa hiyo hata makadirio dhaifu hupata uwiano wa juu kwa kufuata kalenda. Mchoraji stadi huondoa wastani wa kila mwezi, kisha hulinganisha kilichobaki: mwaka wa ukame na mwaka wa mvua kubwa. Hapa ndipo ustadi unapoonekana.

Mapatano. Mchoro wa Karl Taylor, uliochapishwa mwaka 2001, hubeba uwiano, mtawanyiko na kosa katika nukta moja. Ni kazi maridadi, lakini hauonyeshi tofauti ya wastani. Ukiwa peke yake, haujakamilika. Karibu nao pawe na mchoro wa nafasi: seti za makadirio ya setilaiti kama CHIRPS ya Marekani, yenye takwimu tangu 1981, TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, tangu 1983, na nyinginezo, kila moja ipewe nafasi yake kwa kila kipimo, kisha nafasi ziunganishwe kwa mistari. Mistari isipokatana, vipimo vimekubaliana. Ikikatana, mshindi hubadilika kulingana na kipimo, na mchoraji mwaminifu huiacha ionekane.

Mchoro wenye uwiano peke yake, usiotaja kipima mvua wala kuondoa msimu, usiutumie kupanga tarehe ya kupanda.