Hitaji na Pengo: Juu ya Mabishano ya Mashabiki wa Green Bay

Wahakiki wetu wamezoea kupima mashairi, hadithi na tamthilia. Maneno ya barazani juu ya mpira huachwa yapeperuke. Katika kurasa hizi nataka kuyachukua mabishano ya namna hiyo na kuyapima kama hoja nyingine yoyote ipimwavyo: yasimama juu ya msingi gani, maneno yake yabeba maana gani, na aliyehesabiwa kuwa mshindi alishinda kwa haki au kwa kupita kwa siku. Mabishano yenyewe ni ya mashabiki wa Green Bay Packers, timu ya mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani, juu ya kijana mmoja aliyeteuliwa tarehe 23 Aprili, 2020.

Yafaa kwanza desturi yenyewe ifahamike. Mchezo huo ni kandanda ya Kimarekani, ambayo mpira wake una umbo la yai na huchukuliwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa miguu. Kila mwaka timu 32 za ligi yao hugawana kwa zamu vijana watokao vyuoni, katika duru 7, na kwa kawaida timu iliyofanya vibaya kuliko zote huwa na zamu ya kwanza. Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, alitoa shauri hilo mwaka 1935 ili timu zenye fedha zisiwanyakue vijana bora wote. Mara ya kwanza ilifanywa Februari 1936, timu 9 zikateua vijana 81. Wa kwanza kuitwa, Jay Berwanger, hakucheza hata mchezo mmoja wa ligi hiyo, jambo ambalo lingetosha kuwapunguzia watu uhodari wa kutabiri, walakini halikuwapunguzia.

Neno letu la magazetini, usajili, halifai hapa. Msajiliwa amekwisha kupatana na timu kabla ya jina lake kuandikwa. Huyu wa Marekani huitwa kwanza, na tangu aitwapo hakuna timu nyingine iwezayo kupatana naye isipokuwa ile iliyomwita, au ile itakayouziwa haki hiyo. Wao wenyewe hutumia neno lile lile litumikalo kwa kuandikishwa jeshini kwa lazima. Nimelichukua neno uteuzi, nikaacha ukali wa lile la kijeshi, ingawa nakiri kwamba ukali huo una ukweli wake.

Katika baraza zote za mashabiki wa mchezo huu kuna madhehebu mawili. Wa kwanza husema timu iteue kwa hitaji: nafasi iliyo dhaifu kikosini ndiyo ijazwe. Wa pili husema ateuliwe aliye bora miongoni mwa waliobaki, hata kama nafasi yake ina watu tele. Mwaka 2020 mashabiki wa Green Bay walikuwa karibu wote wa dhehebu la kwanza, nao walikuwa na sababu. Timu yao ilikuwa imeshinda michezo 13 na kushindwa 3, ikafika mlango wa fainali, kisha ikapigwa na San Francisco 37 kwa 20 mwezi Januari. Aaron Rodgers, mrushaji mpira wao, alikuwa mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo. Miongoni mwa wadakaji, yaani wale wakimbiao mbele ili waudake mpira uliorushwa, wa kutegemewa hasa alikuwa Davante Adams peke yake. Na mwaka huo vyuo vilitoa wadakaji wengi wazuri: 6 waliteuliwa katika zamu 25 za mwanzo.

Ilipofika zamu ya 26, Brian Gutekunst, meneja mkuu wa Packers, alikuwa amekwisha kubadilishana na Miami. Alitoa zamu yake ya 30 pamoja na ile ya 136 ili asogee mbele, akamteua Jordan Love wa chuo cha Utah State, kijana wa miaka 21. Naye Love alikuwa mrushaji mpira. Katika uteuzi wote wa mwaka ule Packers waliita vijana 9, na hata mmoja hakuwa mdakaji.

Hapa ndipo maneno yatakapo kuangaliwa. Kiswahili chatenganisha hitaji na pengo, na tofauti hiyo ingewafaa sana wabishani wale. Pengo laonekana kwa macho, kama mahali palipong'oka jino. Hitaji laweza kuwapo kabla ya jino kung'oka. Mashabiki waliona pengo la mdakaji wa pili. Gutekunst aliona kwamba Rodgers alikuwa na umri wa miaka 36. Kila upande ulisema “hitaji”, na kila upande ulikuwa na kalenda yake: mashabiki walihesabu hadi Januari ijayo, meneja alihesabu miaka. Mabishano ya namna hii hayamaliziki, kwa kuwa wabishani hawabishani juu ya jambo moja.

Watetezi wa meneja walitoa mfano wa mwaka 2005, wakati Rodgers mwenyewe alipoteuliwa katika zamu ya 24 na Brett Favre angali akicheza. Rodgers alingoja miaka 3, akashika nafasi mwaka 2008, na Februari 2011 akaiongoza timu kushinda fainali kwa 31 dhidi ya 25 za Pittsburgh. Ni mfano mzuri wa kusimulia, ila mfano hupimwa kwa mazingira. Kabla ya uteuzi wa 2005 timu ilikuwa imetolewa katika mchezo wake wa kwanza wa mtoano. Kabla ya ule wa 2020 ilibakiza mchezo mmoja tu kufika fainali. Aliye mbali na mlango ana nafasi ya kungoja kuliko aliyekwisha kuushika komeo.

Yaliyofuata yalimpa kila mtu silaha. Rodgers alichaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa msimu wa 2020 na tena kwa ule wa 2021. Timu ilishindwa na Tampa Bay 31 kwa 26 Januari 2021, na San Francisco 13 kwa 10 Januari 2022. Mashabiki wakasema: mdakaji mmoja tu! Aprili 2023 Rodgers alihamishiwa New York Jets, Love akashika kazi, na Januari 2024 akawapiga Dallas 48 kwa 32 nyumbani kwao. Hapo wengi wa waliolaumu walitubu hadharani.

Nadhani walitubu upesi mno. Ushindi wa Dallas wajibu swali la nani angerusha mpira baada ya Rodgers. Haujibu swali la nani angeudaka mwaka 2021. Hoja ya mashabiki ilijengwa juu ya mambo yaliyojulikana Aprili 2020, na kwa mambo hayo ilikuwa hoja thabiti. Haikugeuka kuwa upuuzi kwa sababu kijana alikua vizuri. Wako pia wasemao kwamba Rodgers alicheza vizuri vile kwa hasira ya kuletewa mrithi. Dai hilo halina kipimo, na lisilo kipimo halifai kuwa nguzo ya hoja.

Lawama yangu iko mahali pengine. Katika maneno mengi ya siku zile Love alitajwa kama mali iliyonunuliwa kwa bei mbaya, na mipira yake 17 iliyodakwa na wapinzani katika mwaka wake wa mwisho chuoni ilisomwa kama orodha ya makosa ya mshtakiwa. (Nasi tuwaitao wachezaji wetu majembe, vifaa na viraka hatuna ruhusa ya kucheka.) Kijana hakuomba kuteuliwa na Packers, wala sheria haikumpa uwezo wa kuchagua timu.

Lakini hasira ile ina asili, nayo imo katika nafsi ya kitenzi. Shabiki wa kila mahali husema “tumeteua”, “tunahitaji”. Mjini Green Bay usemi huo una hati: tangu 1923 timu ni mali ya umma, na wenye hisa sasa wapita 500,000, nao mji wenyewe una watu kama 107,000. Hisa hizo hazina gawio, na mwenye nayo hana sauti katika uteuzi. Basi yeye ni mwenye mali asiyeulizwa, na la kufanya hana ila kusema.

Aprili 2025 uteuzi ulifanywa Green Bay penyewe. Katika zamu ya 23 Packers walimwita Matthew Golden wa Texas, mdakaji wao wa kwanza katika duru ya kwanza tangu Javon Walker mwaka 2002, na umati ukalipuka kwa shangwe. Adams alikuwa amekwisha kuondoka tangu 2022. Mdakaji aliyeombwa kwa ajili ya Rodgers alifika akamkuta Love ndiye mrushaji.