Nyumba Zilizovaa Kanzu ya Kuazima

Kitabu husomwa kwa macho, bali mji husomwa kwa miguu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja mtu aweza kuisoma kazi ya msanifu mmoja kwa asubuhi moja, pasipo kiongozi wala nauli. Msanifu huyo ni John Houston Sinclair, Mwingereza, ambaye alikuwa mtawala pia: mwaka 1922 alifanywa Rezidenti wa Uingereza huko Zanzibar.

Labda mtauliza, sisi wa Lweba yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Njia ya watumwa na pembe ilitoka pwani ile, ikapita Ujiji, ikafika hata kando ya ziwa letu. Na lugha hii tunayosali kwayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Tena, nasi tu watu wa kujenga makanisa.

Basi mtembezi na aanze Shangani, penye Posta ya mwaka 1906. Kisha aende Vuga, aitazame Mahakama Kuu iliyojengwa kati ya 1904 na 1908, yenye kuba na matao. Akiendelea hadi Mnazi Mmoja ataona Beit el Amani, nyumba nyeupe yenye kuba kubwa, iliyofunguliwa 1925 kuwa makumbusho na ukumbusho wa vita kuu ya kwanza.

Tumpe sifa anayostahili. Sinclair alilijua jua la pwani. Matao yake huleta kivuli, kuta zake ni nene, na macho hayachoki kuzitazama. Hakuleta nyumba za London akazitua mchangani kama mizigo ya meli.

Lakini tuna neno juu yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani, na kwa muda usiotimia saa moja mambo yalikwisha. Miaka michache baadaye serikali ile ile ikajenga ofisi zake kwa makuba na matao ya nchi za Kiislamu. Mwenye nguvu alivaa kanzu ya mwenyeji, lakini kiti cha hukumu hakumwachia. Vazi liliazimwa, mwenye vazi hakushirikishwa. Hiyo ndiyo kasoro ya majumba haya, na uzuri wao hauiondoi.

Wala tusicheke upesi. Mtembezi akigeuka ndani ya mji ataliona kanisa letu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa katika miaka ya 1890, lenye minara miwili, kana kwamba limetoka Ufaransa jana. Sinclair aliazima vazi la wenyeji. Mapadre wetu walileta vazi la kwao. Hawa hawakujificha, lakini wao pia hawakumwuliza mwenyeji. Na Waanglikana walijenga kanisa lao kuu pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo jengo linaposema kweli kuliko mengine yote: si kwa umbo la matao yake, bali kwa mahali lilipochaguliwa kusimama. Palipouzwa watu, leo watu wanasali.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa ujenzi ulio wake peke yake, na kwamba nyumba ya sala yapaswa kuwasaidia waamini kushiriki ibada. Basi tukichanga matofali huku kwetu, tusianze kwa kuuliza, 'Tufanye minara kama ya mjini?' wala, 'Tuchore ngoma ukutani ili lionekane la Kiafrika?' Hayo yote ni mavazi. Tuulize kwanza: Je, mvua ikipiga mabati, bibi aliyekaa nyuma atasikia Injili? Je, mama mwenye mtoto mgongoni atapata hewa katika joto la ziwa? Je, mafundi wetu na akina mama wabeba maji waliulizwa kabla ramani haijachorwa?

Jina la Sinclair tunalijua. Majina ya waashi waliobeba mawe na chokaa yake hatuyajui. Kanisa letu lisijengwe hivyo. Na walioulizwa wawe wengi, ili siku ya kubarikiwa kwake kila mmoja aseme kwa haki, 'Hii ni nyumba yetu.'