Tezo na Betri

Mjomba wangu huchonga mitumbwi Lupingu, pale milima ya Livingstone inapoteremka hadi Ziwa Nyasa kama ukuta. Likizo iliyopita nilitoka Makambako, nikapita baridi ya Njombe, nikapita Ludewa, nikashuka kwa kona zile zinazonyamazisha abiria. Nilimkuta ameinamia gogo, tezo mkononi. Mimi kichwani nilikuwa na wanafunzi wangu: timu ya roboti, mwaka wao wa kwanza, na mchoro wa mashine yenye mikono miwili, kamera, na kidude ambacho wenyewe hawajakipa jina.

Mjomba akauliza mashine hiyo ina kazi gani. Nikamwambia: kuokota mipira na kuitia kapuni, dakika mbili na nusu, basi.

“Sasa mkono wa pili wa nini, mwanangu?”

Sikuwa na jibu. Nikakaa kumtazama.

Kuchonga mtumbwi ni kupunguza tu. Gogo huja zima, na kila pigo la tezo linaondoa. Mdomo wa mtumbwi wa Nyasa huachwa mwembamba, miguu ipite, wimbi lisipate mlango. Mjomba hugonga ubavu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Mlio ndio rula yake. Akisikia mlio mzito, anajua bado pana mbao ya bure pale, na mbao ya bure ni mzigo ambao mvuvi ataukokota kwa kasia kila alfajiri hadi mtumbwi uoze.

Timu changa huongeza. Nimeliona hilo mpaka nimelizoea: kila mwanafunzi ana wazo lake, na kwa kuogopa kumuudhi mwenzake, mawazo yote yanafungwa bolti kwenye fremu moja. Adabu nzuri, roboti mbovu. Wenye uzoefu wanalijua. FIRST, taasisi iliyoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, ilifanya mashindano yake ya kwanza ya roboti mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire, Marekani, timu 28 tu. Leo timu ni maelfu, na miongoni mwao ipo ya Texas, namba 118, Robonauts, ambayo kila msimu hubuni roboti rahisi kujenga iitwayo Everybot na kutoa michoro yake bure kwa wasio na karakana kubwa. Mafundi wanaoweza kujenga karibu chochote wanakaa chini kutafuta kilicho kidogo kabisa kinachotosha. Hilo kwangu ni ufundi kuliko roboti yao kubwa.

Tena kuna faida ya wazi. Katika mashindano hayo timu hucheza kwa miungano, na ikifika hatua ya mtoano, vinara huchagua wenzao. Kinara hatafuti roboti yenye mikono mingi. Anatafuta ile iliyofanya jambo moja mchezo hadi mchezo bila kuzimika.

Na kuzimika, jamani! Timu yangu ya kwanza ilizimika katika mchezo wa pili. Mota nzima, programu nzima, betri imejaa. Waya mmoja tu ulikuwa umechomoka kwenye kiunganishi, kwa sababu aliyeufunga hakuuvuta. Tangu hapo kabla ya kila mchezo mwanafunzi mmoja hupita waya mmoja mmoja, anauvuta, anausikiliza kwa vidole. Betri zimeandikwa namba. Watoto wanaona ni kazi ya kitumwa. Mimi naona ndiyo mlio wa ubavu wa mtumbwi.

Jambo moja linatutofautisha na mjomba: alichokiondoa hakirudi, sisi bolti tunairudisha. Basi tuna haki ya kuwa na haraka kuliko yeye. Wiki ya kwanza roboti itembee, hata kama ni fremu na magurudumu tu, igonge ukuta wa darasa, ivunjike mapema. Dereva aanze kuizoea siku hiyo hiyo. Timu nyingi humkabidhi mashine usiku wa kuamkia safari, kisha zinashangaa anapogeuza kushoto akitaka kulia.

Jioni ile mjomba alisimamisha kazi, mtumbwi haujakamilika hata nusu. Akaita vijana wanne wakausukuma majini. Ukalalia upande wa kulia. Hakusema neno, aliutazama kitambo, akauwekea alama ya mkaa pale ulipozama zaidi, wakauvuta tena mchangani, naye akashika tezo.

Nilirudi Makambako na picha ya ile alama kwenye simu. Jumatatu tulifungua bolti nane za mkono wa pili. Mwanafunzi aliyeubuni alizifungua mwenyewe, kimya, akaziweka mfukoni.