Nyaya Nne za Kusimamisha Trela

Msimu wa kukata miwa ukishika kasi, barabara ya Awendo hadi Rongo huwa mali ya trekta. Nyuma ya kila trekta hufuata trela, pengine mbili, miwa imerundikwa hadi inaning'inia pembeni. Nyingi huelekea kiwanda cha sukari cha Sony, kilichoanzishwa mwaka 1979. Nyingine hukata kona kwenda Ndhiwa, upande wa Homa Bay, kwenye kiwanda cha Sukari Industries. Watoto hukimbilia miwa inayodondoka. Fundi wa umeme wa magari hutazama kitu kingine kabisa: kama trela ina breki zake yenyewe, na kama zinafanya kazi.

Ana sababu. Mzigo unaokwenda kilomita 60 kwa saa hubeba nishati mara nne ya mzigo uleule ukienda 30, na nishati hiyo yote sharti igeuke joto kabla gari halijasimama. Breki zikiwa za gari la mbele peke yake, trela husukuma. Kwenye mteremko wa kutoka Rongo kwenda Homa Bay, ambako Ziwa Victoria limetulia mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, msukumo huo unaweza kuigeuza trela hadi ikagonga ubavu wa gari linaloivuta.

Kazi huanza kwa kuchagua, na hapo ndipo fundi aliyeiva hutofautiana na mtu anayejua tu kuunganisha waya. Malori makubwa yanayoingia kutoka Isebania hutumia breki za upepo. Asili yake ni reli: George Westinghouse alipata hataza ya breki za upepo za treni mwaka 1869, kisha miaka michache baadaye akaupindua mpango wake mwenyewe. Badala ya shinikizo la upepo kwenye bomba kufunga breki, shinikizo hilo ndilo likawa la kuziachia, na upepo ukivuja zinashika zenyewe. Ndiyo maana lori likipasuka bomba la upepo katikati ya mji wa Migori, trela hugoma pale pale, na foleni nzima nyuma yake ikapiga honi. Wanaolalamika hawajui kwamba wameshuhudia ufundi ukifanya kazi yake.

Trela ndogo ina njia nyingine. Ipo breki ya msukumo: gari likipunguza mwendo, trela inabonyea kwenye kiungo cha mbele, na mbonyeo huo ndio unaokaza breki. Ulaya huruhusu aina hii kwa trela zisizozidi kilo 3,500. Haihitaji umeme, kwa hiyo inafaa trela ya boti inayoingizwa majini pale Mbita.

Halafu kuna breki za umeme, ambazo Arthur Warner wa Beloit, Wisconsin, aliyekwisha kujulikana kwa vipima mwendo vya magari, alizishughulikia katika miaka ya 1920. Ndani ya dramu ya gurudumu hukaa sumaku. Umeme ukifika, sumaku hunata kwenye uso wa dramu inayozunguka, ikaburutwa nayo, ikavuta mkono mdogo wa chuma, na mkono huo ukatanua brekishuu. Kadiri umeme unavyozidi, ndivyo breki inavyokaza. Anayepima umeme huo ni kontrola, kisanduku kidogo kinachofungwa karibu na usukani.

Kontrola nazo hazifanani. Ya bei nafuu huhesabu muda: dereva akikanyaga pedali, umeme hupanda kidogo kidogo hadi kiwango alichoweka, iwe amegusa tu au amekanyaga kwa hofu. Ya pili hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kuipa trela kiasi kinacholingana nao. Kwenye lami ya barabara kuu ya A1 hii ya pili haina mpinzani. Lakini kwenye barabara za murram za mashambani, mashimo huweza kuitikisa hadi ikasoma vibaya, na dereva mzoefu hupendelea kuweka kiwango kwa mkono. Fundi wa kweli huuliza kwanza trela itapita wapi.

Swali lake la pili ni volti. Land Cruiser nyingi ni za volti 12, ilhali Canter ni ya 24. Kontrola isiyotengenezwa kwa volti 24 inaweza kuungua siku ileile ya kufungwa. Baadhi, kama Tow-Pro ya REDARC kutoka Australia, hukubali zote mbili.

Nyaya za kontrola ni nne. Mweusi huleta umeme kutoka betri, ukipitia kikata umeme cha ampea 20 au 30. Mweupe hurudi moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Mwekundu huunganishwa na swichi ya taa za breki. Wa buluu hupeleka amri nyuma, hadi kwenye soketi ya trela. Mtoto wa shule anaweza kuzikariri. Ugumu uko kwenye unene na viungo.

Sumaku moja ya volti 12 hula takriban ampea 3, hivyo trela ya ekseli mbili huhitaji 12. Anayechukua waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa za nyumba na kuupeleka mita nane nyuma, kisha kurudi, hupoteza zaidi ya volti mbili njiani. Waya wa milimita za mraba 4 hupoteza chini ya moja. Tena waya wa gari sharti uwe wa nyuzi nyingi laini, maana wa nyumbani hukatika kwa mtikisiko. Na arthi, njia ya umeme kurudi, haiachiwi kiungo cha kuvutia trela, chenye grisi na kutu. Hupewa waya wake hadi kwenye soketi.

Kisha hufuata kazi ya sikio na mguu. Trela ikiwa na mzigo wake, kwenye lami tambarare, gari hupelekwa kilomita 40 kwa saa na kusimamishwa. Fundi huongeza nguvu hadi magurudumu ya trela yakaribie kufunga, kisha hurudisha kidogo. Mzigo ukibadilika, kipimo nacho hubadilika, na dereva hufundishwa kukirekebisha mwenyewe.

Kazi hii hailipwi inavyostahili, kwa sababu matunda yake ni ajali isiyotokea. Wanaosafirisha miwa na viwanda vinavyoipokea wangefanya vyema kuwapeleka mafundi hawa wa jua kali kwenye mitihani ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kisha wakubali bei ya mwenye cheti.

Na mwenye trela ya breki za umeme anaweza kuikagua kazi mwenyewe kabla ya kupakia. Trela hiyo inapaswa kuwa na betri yake ndogo na pini ya dharura iliyofungwa kwa kamba ya chuma kwenye gari. Achomoe pini, kisha avute trela taratibu. Magurudumu yakizunguka, airudishe kwa fundi siku hiyohiyo.