Vijiwe Vinavyokataliwa na Wavu

Kariakoo haiishi kujengwa. Kando ya ghorofa linalopanda kuna rundo la mchanga, na kibarua mwenye chepe akiurusha kwenye wavu uliosimamishwa kwa mirunda. Mchanga unapita, vijiwe vinaporomoka miguuni pake. Hivyo ndivyo ninavyovitafuta.

Kijiwe lazima kioshwe kwanza. Kikavu huficha, kikiloa, mistari hujitokeza, tabaka juu ya tabaka, jinsi mchanga au tope lilivyotulia chini ya maji, likafunikwa, likagandamana. Lakini jicho lisiaminiwe sana, kwani mto hulainisha kila kitu, ukianza na pembe. Ulaini ni habari ya safari. Asili iko ndani, na huko huingii bila kisu.

Ncha ya kisu ikiteleza na kuacha alama ya chuma, huenda umeshika kwatsi, ambayo Mjerumani Friedrich Mohs, alipoyapanga madini kwa ugumu mwaka 1812, aliipa daraja la 7 kati ya 10. Ikitoka unga, udondoshee maji ya ndimu. Ukichemka povu, hilo ni jiwe la chokaa, ndugu wa matumbawe: ukali wa ndimu umeifukuza gesi iliyofungwa humo. Usipochemka, kipumulie kijiwe kisha unuse. Harufu ya vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza ni ya tope lililogeuka jiwe.

Juzi, Mtaa wa Msimbazi, niliokota kimoja cha kahawia, bapa, ukubwa wa kokwa la embe. Kisu kilibandua chembe moja moja, kama sukari. Jiwe la mchanga, ukoo wa kinoo. Mchanga mtupu, nao wavu umeukataa!

Mtaa huo una jina la mto. Tunalitaja kila timu ya Simba inapocheza, na wachache hukumbuka kwamba Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwenye jiwe la mchanga lililoshikwa na udongo mweupe wa kaolini. Gundi hiyo ni dhaifu, chembe huachana upesi. Ndiyo maana Jangwani, kwenye bonde la mto huo, utakuta mchanga tele, na kijiwe kizima cha jiwe hilo ni cha kutafuta kwa subira.

Ukipita penye rundo la mchanga, simama. Mwombe kibarua kijiwe kimoja; hatakunyima.